Umechaguliwa mwakilishi wa darasa shuleni? Anzia hapa, na usianze na mchango

Mara nyingi inakuwa hivi. Umeenda mkutano wa wazazi na haraka zako, umekaa nyuma kwa zile deski ndogo magoti yamekaribia kidevu, mwalimu anauliza nani atawakilisha gredi ya 4, watu wote wanaangalia chini kama walioangusha sindano, alafu mama mmoja anasema "si huyu hapa, yeye anajua kuongea", makofi, imepita. Unatoka pale na cheo hukukiomba, hakina mshahara, na hakuna aliyekueleza unatakiwa ufanye nini. Mimi ndo ilivyonikuta, huku Kisauni, Mombasa, na nilikosea karibu kila mahali pa kukosea kabla sijaelewa, kwa hivo haya nakuandikia wewe uliyepigiwa makofi juzi.

Cha kwanza, jua umeingia wapi. Wazee wetu walikuwa na kamati ya shule na ile PTA ya zamani, chama cha wazazi na walimu, na mpaka leo utasikia watu wanasema PTA, si neno. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliweka vitu viwili na ukivichanganya utagombana na watu bure. Kuna bodi, ile BOM, hiyo ndo inasimamia shule, ndani yake kuna viti sita vya wazazi, kuna wa mfadhili wa shule, kuna mwalimu, kuna anayewakilisha watu wenye ulemavu na wengineo, na mwalimu mkuu ndo katibu. Alafu kuna chama cha wazazi, PA, na hapa kila mzazi mwenye mtoto pale shuleni ni mwanachama, hajazi fomu wala halipi kiingilio. Kila darasa linatoa mwakilishi wake kwenye mkutano mkuu wa mwaka, wanaongezwa walimu wawili, hiyo inakuwa kamati ya PA, na mwenyekiti pamoja na wenzake wawili wanaingizwa kwenye bodi. Basi wewe si bodi. Mtu akikuvamia sokoni "nyinyi watu wa bodi mumekula pesa ya madeski", mwambie polepole kwamba wewe ni mdomo na masikio ya darasa moja, ya bodi atakupa swali uliandike ulipeleke.

Nikaja nikaisoma ile orodha ya kazi za PA kwenye sheria (imewekwa mwishoni, kwenye jedwali la tatu, kwa simu utaivuta mpaka kidole kichoke). Nilidhani nambari moja itakuwa kuchangisha. La hasha. Inayoanza ni malezi ya watoto, lishe na afya yao. Inayofuata ni kuweka uhusiano mzuri baina ya walimu na wazazi. Kutafuta pesa za majengo inakuja baada ya hayo, na hata hapo ni kujadili na kuwashauri wazazi, hakuna pahali mwakilishi wa darasa ameambiwa azunguke na kikapu. Sisi lakini tumezoea kwamba PA ikiita mkutano ni mchango, ndo manake ukituma ujumbe wa mkutano wazazi arobaini wanakuja tisa, wale wengine wameshajua wanaitiwa nini.

Sasa makosa yangu. Muhula wa kwanza nikaona watoto wanabeba maji kwa chupa kutoka nyumbani kwa sababu mifereji ya shule ilikuwa mibovu, nikasema wacha nionyeshe kazi, nikatangaza kila mzazi atume hamsini kwa nambari yangu ya M-Pesa. Yangu mimi, jamani. Wakatuma kama nusu. Wengine walituma kwa simu ya mume, jina linalotokea silijui ni baba wa nani. Mmoja anaapa wallahi alituma, mimi sioni. Mwingine akaniuliza mbele za watu langoni kama nimeshanunua leso mpya. Wiki mbili nikarudisha zote, moja moja, gharama ya kutuma nikalipa mimi, na mifereji bado mibovu. Hakuna aliyeiba kitu na bado nilionekana mwizi.

Kilichokuja kunisaidia ni daftari. Nilinunua la kurasa tisini na sita, nikasimama langoni asubuhi tatu mfululizo wakati wazazi wanaleta watoto, na sikuuliza mtu utachangia ngapi, niliuliza "mama, wewe unafanya kazi gani, na siku gani una nafasi hata lisaa limoja?" Basi. Nikaandika jina la mtoto, mzazi anafanya nini, anapatikana lini. Na hapo ndo nikaijua gredi ya 4. Kuna fundi wa mifereji. Kuna wawili wa uashi, kuna welda wa huko Kongowea, kuna mama anauza mahamri na mbaazi tangu alfajiri lakini saa nne huwa ameshamaliza, kuna dereva wa tuktuk, kuna nesi wa zahanati, kuna baba wa bandarini anayefanya shifti za usiku kwa hivo mchana yuko, kuna bibi anayelea wajukuu watatu na hana kazi ila anajua hadithi huwezi kuzimaliza. Wote hawa ukiwaitisha mia mbili utawakosa. Ukiwaitisha lisaa limoja la kile wanachokijua, wanakuja, na wanakuja wamenyoosha mgongo.

Yule fundi alikuja Jumamosi moja na boda, spana kwenye mfuko wa sandarusi. Mifereji ilikuwa minne, mmoja tu unafanya kazi, mitatu imefungwa na mpira wa tyubu ya baiskeli isivuje. Akafungua wa kwanza, akatoa ile washa ya mpira, imeliwa imebaki kama ganda la kitunguu, akanionyesha. "Hii ndo shida yenyewe mama, washa tu." Wa pili vilevile. Wa tatu ndo ulikufa, chuma kimeliwa na chumvi, manake maji yetu ya kisima huku pwani mwayajua, akasema usinunue wa chuma tena, nunua wa plastiki, hauna sura nzuri lakini chumvi haiuwezi. Kazi yote haikufika adhuhuri na vifaa havikufika shilingi elfu moja. Na mimi nilikuwa nimewaitisha watu elfu mbili na zaidi! Sikuwa nimemuita hata fundi mmoja aje aangalie kwanza.

Kwa hivo ukitaka kufuata nilivyokuja kufanya, chagua kitu kimoja kwa muhula, kimoja tu, kidogo, ambacho mtoto mwenyewe atakiona, na kiwe hakianzi na pesa. Mfereji. Mlango wa choo cha wasichana usiofungika. Kona ya kivuli ambapo nesi wa daftari lako anakuja nusu saa kuongea na wasichana wa gredi ya 6 kwenda juu mambo ya hedhi. Wale wauzaji wa viazi karai na achari ya ukwaju langoni, kwenda kuongea nao kiungwana kuhusu kufunika chakula na kunawa mikono, wengine ni wazazi wa shule hiyo hiyo usiende na ukali wa askari wa kaunti. Kikikwisha kile kimoja, watu wameona, ndo ukichukua cha pili.

Lakini kabla fundi hajagusa spana, mwalimu mkuu awe anajua, na awe anajua kwa karatasi. Hii watu wengi wanairuka alafu wanashangaa mwalimu amenuna. Ile shule iko mikononi mwake, kitu kikiharibika au mtoto akiumia ataulizwa yeye, si wewe. Andika barua ya mistari mitano: sisi wazazi wa gredi ya 4 tunaomba kurekebisha mifereji mitatu, Jumamosi tarehe fulani, fundi ni mzazi fulani, shule haitagharimika. Peleka mbili, moja akupigie muhuri urudi nayo. Na mzazi yeyote anayeingia kujitolea ajiandikishe kitabu cha wageni langoni, na asiachwe peke yake na watoto kwenye chumba, hata kama ni yule bibi wa hadithi ambaye kila mtu anampenda. Mwalimu awepo. Hapo sibembelezi mtu.

Tukija kwa mikutano, hapa Mombasa saa ndo kila kitu. Ijumaa adhuhuri usijaribu. Jumamosi na Jumapili asubuhi watoto wengi wako madrasa na mama ndo anawapeleka, Jumapili hiyo hiyo wengine wako kanisani. Jioni mwenye kazi Likoni yuko kwa feri anasukumana. Ramadhani watu wamechoka na alasiri kila mama yuko jikoni. Mimi nilijaribu zote nikaishia saa mbili kasoro asubuhi siku ya kazi, wakati mzazi ameshafika langoni na mtoto, dakika ishirini, tumesimama chini ya mwarobaini, hakuna kiti wala soda. Mtu akisimama haongei sana, hiyo nayo faida. Baba wa shifti za usiku ndo anatoka kazini anapita hapo. Asiyeweza kabisa namfuata nyumbani au nampigia, na ile ya kusema "nimetuma kwa gurupu" isikutoshe, kuna mama kwa darasa langu ana simu kabambe ya vitufe na alikuwa hajui chochote mwaka mzima, tulidhani anatudharau.

Kila mkutano andika. Tarehe, waliokuja, tuliyoongea, tuliyokubaliana, nani atafanya na lini. Si lazima Kiswahili cha mtihani. Mwisho wasomee kwa sauti na wawili watie sahihi. Utakuja kunikumbuka siku mtu atakaposema "mimi sikukubali hiyo", unafungua ukurasa, huyu hapa jina lako.

Ujue pia mlango wa kubisha, manake nimeona wazazi wakimfokea mwalimu mkuu kwa kitu hakina uhusiano naye. Chekechea ni ya kaunti, kwa katiba ya 2010, mwalimu wa chekechea ameandikwa na kaunti, kwa hivo darasa la PP1 likivuja, barua inaelekea kaunti na mwakilishi wadi wako ana la kusema. Kuanzia gredi ya 1 hadi ile ya 9 ni serikali kuu, hata kama madarasa yamepakana ukuta mmoja. Walimu wa huko wameajiriwa na TSC, tume ya walimu, ukitaka kuuliza kwa nini darasa la watoto sabini lina mwalimu mmoja, wa kuulizwa ni wao na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, wako Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, kila moja ina yake. Darasa jipya au choo kipya mara nyingi kinaombwa kwa CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na ombi linatoka kwa bodi, wewe kazi yako ni kusukuma ombi liandikwe na liwe na hesabu.

Na tangu 2023 tuna sekondari msingi ndani ya shule zetu za primari, gredi ya 7 hadi 9, kwa hivo kamati ya PA imekuwa kubwa na wale watoto ni wakubwa, mahitaji yao tofauti. Mwakilishi wa gredi ya 8 akiongea habari ya maabara msimkatize eti anajifanya.

Haya, pesa. Itafika siku itahitajika tu, mimi si malaika. Serikali inatoa kwa mtoto wa primari shilingi 1,420 kwa mwaka, ukigawanya kwa miezi kumi na miwili ni kama mia moja na kumi na nane kwa mwezi, bei ya chapati chache, na mara nyingi inafika imechelewa. Kwa hivo mwalimu mkuu akisema hana, usiamue tu anadanganya. Lakini kifungu cha 29 cha ile sheria kinasema shule ya umma haitozi karo ya kusomesha, malipo mengine yoyote lazima yawe yamekubaliwa na waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na mtoto hawezi kufukuzwa darasani kwa sababu mzazi hajalipa, na anayelipa apewe risiti rasmi. Haya manne yashike kichwani kama nambari yako ya simu. PA inaweza kujadili na kupendekeza malipo. Kutoza kivyake haiwezi. Mkikubaliana mtu ajitolee, iwe kujitolea kweli, majina ya waliotoa na wasiotoa yasibandikwe popote, pesa iingie akaunti ya shule na risiti itoke, na isikae kwa simu ya mtu hata usiku mmoja. Mtu akikwambia "tumia yako tu mama, tunakuamini", mkumbuke mama aliyeulizwa leso.

Na msome hesabu. Mwisho wa muhula, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, hata kama ni shilingi mia nne, isomwe hadharani na risiti za hadiwea zikiwa zimegundishwa kwa daftari. Mimi risiti ya washa bado ninayo, imefifia haisomeki, nilikuja kujifunza kuzipiga picha siku ile ile.

Malalamiko ndo yatakayokuchosha zaidi ya vyote. Mzazi anakuja analia, mtoto amechapwa mgongoni, ana alama. Kumpiga mtoto shuleni ni marufuku kisheria, hilo halina mjadala, na hata wale wazazi wanaosema "mchape tu mwalimu nimekupa ruhusa" hawana hiyo ruhusa ya kutoa. Lakini namna ya kulipeleka ni hivi, usilisimamishe kwenye mkutano wala usilirushe kwenye gurupu na picha ya mtoto, mtoto huyo kesho atarudi darasani. Mtoto aende hospitali kama ameumia, karatasi ya daktari iwekwe. Nenda na mzazi mwenyewe, si kwa niaba yake, kwa mwalimu mkuu, mpeleke barua. Kimya, bodi. Kimya tena, ofisi ya elimu ya kaunti ndogo na TSC. Kukiwa na jeraha baya au jambo la kumchafua mtoto kingono, hapo hakuna kupanda ngazi, ni hospitali na polisi siku hiyo hiyo, na asije mtu akakwambia likae la nyumbani likaongelewe na wazee.

Yale madogo, mwalimu anachelewa, mtoto amepotezewa sweta, kalamu imechukuliwa, mrudishe mzazi kwa mwalimu wa darasa kwanza. Ukiyabeba yote utageuka posta.

Kuna moja dogo lakini lilinipatia heshima kuliko mifereji. Mambo ya CBC, ule mtaala wa umahiri, na vifaa. Jumapili saa tatu usiku ujumbe unaingia, kesho mtoto aje na manila, gundi, mbegu aina tano na picha za wanyama zilizochapishwa kwa rangi. Saiba, pale pa kuchapisha, imefungwa, mama hana hata ishirini, asubuhi mtoto anagoma kwenda shule. Nikamfuata mwalimu, kwa adabu, nikamuuliza kama anaweza kutupa orodha Alhamisi. Akasema "kwani hakuna aliyeniambia inawasumbua, mimi pia napanga masomo Jumapili." Tukakubaliana Alhamisi. Alafu tukapanga watoto watano watano, kila kundi picha moja, anayekaa karibu na saiba anachapisha wote wanashirikiana, mbegu zinatoka kwa yule mama wa mbaazi. Haikugharimu mtu kitu ila kuulizana.

Na baba zetu, njooni. Kwa mkutano wangu wa mwisho walikuwa wanaume watatu na mmoja alikuwa amekuja kumfuata mkewe na ufunguo wa nyumba.

Siku mtoto wako akihama au akimaliza, nafasi yako inakwenda na yeye, huwezi kubaki mwakilishi wa darasa usilo na mtoto ndani yake. Usiondoke na daftari. Kaa na anayekufuata, mpitishe ukurasa kwa ukurasa, huyu fundi, huyu nesi, huyu usimpigie kabla ya saa nne analala, huyu ukimuahidi kitu mtimizie maana hasahau. Langu nimelivisha gazeti na plastiki juu lisilowe, jina la kwanza ukifungua ni la fundi wa mifereji, na pembeni nimeandika kwa kalamu nyekundu: "aje aangalie kwanza."